Mstari wa Kutu

Walimu wenzangu vijana, mmeniomba niandike kazi yangu, na Mwalimu Mkuu amenipa daftari jipya na kalamu ya wino. Basi naandika. Mshahara sitautaja, maana hata nilipokuwa naupokea haukuwa wa kutajwa. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikupewa. Mimi ni darasa la nne la misheni, huko kwetu Machame. Nikaolewa na mwinjilisti wa Kimeru, nikaletwa kwenye mteremko huu na sanduku la bati, mikeka miwili, na kinywa chenye meno meupe kama maziwa.

Meno hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Mkuu wa shule za misheni alikuja siku moja kutafuta mtu wa kufundisha watoto usafi na habari za mwili. Wanawake waliojua kusoma pale kanisani tulikuwa wawili. Mwenzangu alisoma vizuri kuliko mimi, lakini alipocheka yule Mzungu alitazama pembeni. Mimi nilipocheka akaandika jina langu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa vitu vitatu: mche wa sabuni, fimbo, na picha ya mwili. Picha yenyewe ilichorwa kwenye kitambaa kigumu, mwanamume mzima aliyesimama bila ngozi, nyama zake nyekundu, macho yametoka. Niliitundika ukutani. Darasa la kwanza wakapiga yowe mpaka mwalimu wa hesabu akaja mbio na rula. Walipotulia, kitoto kimoja cha mbele kikauliza:

"Mwalimu, huyu alikosa nini?"

"Hakunawa mikono," nikasema.

Kesho yake mikono yote ilikuwa safi. Nikajiona nimezaliwa kuwa mwalimu. Jihadharini na kazi inayokwenda vizuri siku ya kwanza.

Aliyenifundisha kufundisha ni Mzee Zakaria, dresa wa zahanati ya misheni. Naye hakusoma sana, lakini alikuwa amefunga vidonda vya watu tangu wakati wa Wajerumani. Aliniambia, "Mama, mwili usiufundishe kwa mdomo. Mwili fundisha kwa mwili." Siku za kuchinja alinipitishia kongoro la ng'ombe, nikalipasua mbele ya watoto wakaona kifundo kinavyopinda na ute unaokilainisha. Mapafu ya mbuzi niliyaomba yakiwa na koo lake. Unachomeka bua la jani la mpapai, unapuliza, mapafu yanavimba kama yanaishi. Watoto walisukumana wapulize. Somo likiisha tuliyapika. Sikumbuki mtoto yeyote aliyekosa somo la kupumua.

Mambo ya kutoa funza pia yeye ndiye aliyenionyesha. Pini ichomwe moto kwanza, funza atolewe mzima na mfuko wake, tundu lipakwe mafuta ya taa. Mkiwa na haraka msimtoe, maana atapasuka humo ndani na mguu utaoza. Hayo yote bado ni kweli. Nayaandika ili muone kwamba si kila nilichofundisha kilikuwa uongo.

Lakini Mzee Zakaria alikuwa na neno moja alilolipenda: "Ukitaka kujua nyumba, tazama kinywa cha mtoto wake." Yeye alilisema kama mzaha, akitafuna muwa. Mimi nikalifanya sheria.

Kila asubuhi kabla ya kengele nilikagua kucha, nywele, masikio, meno. Wenye meno safi walisimama upande wa kanisa. Wenye meno ya rangi ya kahawia, yenye madoa na mashimo madogo kama bati lililonyeshewa, walisimama upande wa choo. Upande huo niliuita mstari wa kutu. Watoto wenyewe wakauzoea, wakawa wanaitana hivyo hata sokoni Tengeru. "We kutu, pita huku!" Niliona ni jambo zuri. Aibu husafisha, nilisema.

Miaka ile ya mwanzo mstari wa kutu ulikuwa mfupi. Walikuwa watoto wa nyumba za chini, kule kwenye chemchemi. Sisi wa juu tulikunywa maji ya mfereji uliotoka msituni, na wanaume waliusafisha kila mwaka rika kwa rika, na asiyefika alitozwa mbuzi. Mimi nikasema watu wa chini ni wachafu. Sikujiuliza zaidi.

Sasa mfereji wenyewe ulipita kwenye mazizi na migomba ya watu kabla ya kufika kwetu. Niliyaweka maji yake kwenye bilauri darasani, tukangoja yatulie, chini likabaki tope la kidole kizima. Watoto walikuwa wanahara. Kabla ya masika ya mwaka mmoja tulizika wawili wa darasa moja, nami ndiye niliyewafundisha nyimbo walizoimbiwa kaburini. Nikaapa. Nikaenda kwenye chemchemi na bilauri ile ile, nikachota. Ungeweza kusoma gazeti kupitia yale maji.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilisema barazani, nilisema kanisani baada ya ibada, nilisema mpaka mume wangu akaniomba nimwachie na yeye mahubiri kidogo. Tuijengee chemchemi, tuweke birika la saruji na bomba, tuache kunywa kinyesi. Mama mkwe wangu alinisikiliza huku anamenya ndizi.

"Yale ni maji ya ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe wanajua vizuri, mama. Wanayakimbilia."

"Wanayakimbilia kwa sababu yana magadi. Mtu hanywi magadi kila siku. Huwaoni watu wa kule vinywa vyao?"

"Vinywa vyao havisuguliwi."

Alinitazama, akarudi kwenye ndizi zake. "Nyinyi wa Machame mna maneno," akasema. Nikacheka. Nilikuwa na picha ya mwili ukutani, yeye alikuwa na kisu cha ndizi.

Birika likajengwa. Wanawake tulibeba mchanga, wanaume wakachanganya saruji, na siku ya kufungua bomba mkaguzi wa elimu alikuja kutoka mjini Arusha na kofia yake, akanywa kikombe kizima mbele ya watu, akasema shule hii ni mfano. Kuhara kulipungua, tena sana. Hilo ni kweli na mtu asininyang'anye. Hata nyumba za juu zikaanza kushuka kuchota, maana maji ya bomba yalikuwa maendeleo. Kusafisha mfereji nani tena ataenda? Mwaka wa kwanza walikwenda wazee, mwaka wa pili hakwenda mtu. Mwaka wa tatu mfereji ulikauka na watu wakapanda kahawa ndani yake.

Baada ya miaka minane, tisa hivi, mstari wa kutu ulianza kurefuka. Walikuwa ni watoto waliozaliwa baada ya bomba, wa juu na wa chini pamoja. Kila mwaka wapya walipoingia, upande wa choo ulijaa na upande wa kanisa ukapungua. Na mimi niliyekuwa nafundisha kwamba ukiona homa utafute chanzo chake, nilisema nini? Nilisema watoto wa siku hizi wavivu.

Katika hao alikuwepo Anande.

Kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwenye birika. Mama yake alibeba mchanga wa lile birika akiwa na mimba yake. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho ya kutazama kitu mpaka mwisho, na meno yake yalikuwa ya kahawia kabisa, yale ya mbele yamekatika ncha. Toka darasa la kwanza alisimama upande wa choo.

"Mwalimu, nimesugua."

"Umesugua kwa kitu gani, kwa maneno?"

"Kwa mswaki, mwalimu. Na mkaa. Na mchanga."

"Fungua." Akafungua. Fizi zilikuwa zinatoka damu, na meno yalikuwa yale yale. "Kasugue tena."

Wenzake wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke.

Lakini mkimpa kongoro! Alitenganisha viungo bila kukata hata mshipa mmoja. Njia ya damu aliisema kutoka moyoni hadi kidole cha mguu na kurudi, bila kutazama ukutani. Nilipougua malaria, wakati shule imekwisha kuongezewa madarasa, yeye ndiye aliyefundisha wadogo somo la kupumua, na niliporudi nilikuta wanalijua kuliko nilivyolijua mimi. Alitaka kuwa nesi. Hakutaka kingine. Wasichana wenzake walipotaja wachumba, yeye alitaja hospitali.

Siku moja, akiwa darasa la nane, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ulitufundisha mifupa hujengwa na tunachokula na kunywa."

"Ndiyo."

"Na meno vilevile?"

"Na meno."

"Basi rangi ya jino haiwezi kutoka ndani? Kwenye kitu tunachokula au kunywa?"

Nilikuwa na fimbo mkononi, lakini sikuitumia. Nilisema tu, "Kaa chini, Anande. Unatafuta pa kujificha." Akakaa. Nawaambia vijana, mwanafunzi akikuuliza swali ambalo limekupita, mwambie limekupita. Kuna adhabu mbaya kuliko fimbo, nami nilimpa hiyo.

Mwaka huo huo mjukuu wangu Aika alianza kung'oa meno ya utoto. Aika nililelewa naye, nasema vibaya, nilimlea mimi, tangu mama yake alipokwenda Moshi na mumewe. Huyo mtoto alikuwa fahari yangu. Meno yake nilisugua kwa mkono wangu mwenyewe asubuhi na jioni, kwa chumvi ya dukani, na wageni wakija nilimwambia, "Aika, cheka wakuone." Mapengo yalipotokea mbele nilingoja kama mtu anayengoja mahindi yaote.

Jino likatoka. Lilitoka kwenye ufizi likiwa kahawia tayari. Ncha tu ilikuwa imechomoza, ukubwa wa punje ya mchele, haijagusa chakula, haijagusa sukari, haijapata hata siku moja ya kuwa chafu. Nilishika taya lake nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikamfuta kwa kitambaa. Nikasugua. Akalia.

Hapo nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua kwamba si mswaki. Wote wale wa upande wa choo, miaka yote ile, walikuwa wanasema kweli.

Mnataka kujua nilifanya nini? Nilimwambia Aika afunge mdomo. Asubuhi nikampanga upande wa kanisa, mdomo umefungwa, nikampita bila kumwambia afungue. Watoto si wajinga. Nilisikia mmoja wa upande wa choo akinong'ona, "Huyo bibi yake ana miwani ya kwake."

Wiki chache baadaye ikaja fomu ya Anande ya kuombea unesi. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alijaza masomo, tabia, dini. Mstari mmoja akaniachia mimi: usafi wa mwili. Nilikaa nayo nyumbani siku mbili. Nikiandika kwamba ni msafi, na meno yake wanayaona, wataniuliza. Nikisema sababu haijulikani, basi ule mstari wa kutu ni wa nini? Na wale waliolia mbele yangu pale upande wa choo? Na mama mkwe wangu niliyemcheka akimenya ndizi? Ningelazimika kuirudia kazi yangu yote kinyumenyume. Nikachovya kalamu nikaandika neno moja: Hafifu.

Wakamkataa. Alikuja kuniambia mwenyewe, maana aliniheshimu.

"Shikamoo, mwalimu. Wamenikataa."

"Marahaba. Mungu ana mpango wake, mwanangu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Akarudi kwao, akalima na mama yake, akaolewa. Mimi nikaendelea kukagua miaka mingine miwili. Sikuwa nachapa tena, wala sikusema maneno, lakini mistari ilikuwa miwili kama kawaida, kwa sababu sikujua namna ya kuivunja bila kueleza.

Kisha akaja daktari wa meno wa serikali, kijana wa Kiingereza mwenye uso ulioungua jua. Tuliambiwa anakuja kutazama vinywa vya watoto. Mimi nikawaficha wa kutu nyuma ya vichanja vya kahawa, nikampangia wachache wazuri. Akawatazama wawili, akamwambia Mwalimu Mkuu kitu kwa Kiingereza.

"Anasema anataka wenye madoa," Mwalimu Mkuu akanitafsiria. "Hao wazuri hawana shida naye."

Wakatoka nyuma ya vichanja, mmoja mmoja, vichwa chini. Daktari alipiga magoti kwenye nyasi ili awe sawa nao. Alitazama kila kinywa kwa taa, polepole, hakumkaripia mtu. Halafu akauliza wanakunywa maji gani. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye birika, natembea mbele. Akaonja, akajaza chupa mbili, akazifunga kwa nta.

Jibu lilichukua miezi. Mwalimu Mkuu huyu tuliye naye ndiye aliyeniita ofisini.

"Mama Mwalimu, kaa."

"Nimekaa miaka mingi. Soma."

Akasoma. Kwamba maji ya ile chemchemi yana kitu kiitwacho floraidi, kitokacho kwenye mawe ya mlima. Hakionekani, na kukichemsha hakukiondoi. Mtoto akikinywa tangu uchanga jino hujengeka bovu ndani ya ufizi, na kwa wengine hata mifupa ya miguu hupinda. Hakuna kusugua kunakosaidia. Maji ya juu msituni yanacho kidogo sana. Wanashauri jamii itumie hayo.

"Tutumie hayo," nikasema.

"Mfereji uko wapi, mama?"

Nilijua uko wapi. Ulikuwa chini ya kahawa za watu, na kahawa zile zilikuwa zinazaa. Mwalimu Mkuu aliitisha mkutano. Wazee walisema vijana wa siku hizi hawawezi kuchimba. Vijana walisema wazee walevi ndio walioacha. Wenye kahawa walisema atakayegusa mti wao watakutana naye bomani, kwenye kesi. Mtu mmoja akasema mama mwalimu ndiye aliyetuleta kwenye bomba, aseme yeye. Nikasimama, nikasema ni kweli, nilikosea. Wakarudi kwenye habari ya miti. Mkutano uliisha kwa sala. Maji ya mvua tunayakinga kwenye mapipa ya shule, yanafika mwisho wa masika, halafu tunarudi bombani. Ndivyo ilivyo hata leo ninavyowaandikia.

Mstari wa kutu niliuvunja siku iliyofuata mkutano ule. Nililiambia darasa zima kwamba meno yao si uchafu na kwamba niliwaonea. Nadhani walingoja nimalize waende kucheza.

Wiki ya mwisho ya kazi yangu nilishuka kwa Anande. Nilimkuta jikoni, mtoto wa kike mgongoni, anapepeta unga. Aliponiona alivuta kanga akaziba mdomo kabla ya kunisalimia. Ana miaka ishirini na kitu na hivyo ndivyo anavyowasalimu watu.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu kigoda."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kukwambia jambo la ile fomu ya unesi."

"Nalijua."

"Hulijui. Mimi ndiye niliyeandika..."

"Uliandika Hafifu," akasema. "Bahasha nilipewa niipeleke mwenyewe. Gundi ilikuwa ya ugali, mwalimu, ilibanduka njiani kwa mvua."

Nilimuuliza kwa nini basi aliipeleka. Akasema alifikiri ni kweli. Akasema alipofika kwenye kijito cha kabla ya barabara kubwa alikaa akasugua meno kwa mchanga mpaka akachelewa, ili wakimwona waone mwalimu amekosea.

Nikamweleza yote. Jino la Aika, na kwamba nilijua kabla ya kuandika. Nililia, sikujizuia. Yeye hakulia. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akaendelea kunisikiliza kwa yale macho yake ya kutazama kitu mpaka mwisho. Sikumwomba anisamehe kwa sababu niliogopa atasema ndiyo kwa adabu tu.

Nilipomaliza, alimfungua mtoto mdomo kwa kidole, taratibu, kama nilivyowafundisha. Ufizi ulikuwa mtupu, wa waridi, haujatoka kitu.

"Mwezi huu anaanza uji," akasema. "Wewe ndiye mwalimu wa mwili. Nimpikie kwa maji gani?"

Mvua ilikuwa imekatika tangu wiki tatu nyuma, pipa lake lilikuwa kavu. Huko msituni ni nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na ana shamba na ana mume. Nilitafuta jibu kama mtoto aliyeshikwa hajasoma.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, bila hasira. Akanipa mtoto nimshike, akachukua kata, akachota kwenye ndoo ya bombani, akabandika sufuria.